Nani Kashika Chuma? Jiliwa, Chaki na Mafundi wa Tanga

Wadau, juma hili siasa naziweka kando. Wabunge wapo na wataendelea kuwepo, tutawarudia. Leo nataka tuongee kuhusu vitu viwili ambavyo wengi wetu tuliopita chuo kikuu hatujawahi hata kuvigusa: jiliwa na chaki. Na chaki ninayoisema siyo ile ya mwalimu ubaoni.

Jiliwa ni hilo dubwana lililofungwa kwenye meza ya kila gereji, kuanzia Ngamiani mpaka Tandale. Lina taya mbili za chuma, moja imetulia na nyingine inasogea kwa parafujo, na mpini mmoja wa kuzungushia. Vijana wa gereji wanaliita vaisi. Ukilisema kwa jina la jiliwa wanakuangalia kama umetoka mwezini, ingawa neno limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na limo pia katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981. Chaki ni binamu yake anayezunguka. Yeye anakaa kwenye mashine ya kerezo, anabana kipande cha chuma kwa taya tatu au nne, anakizungusha, na kisu kinakimenya kama unavyomenya chungwa.

Basi ukiondoa mbwembwe zote, kazi ya karakana ya chuma ni maswali mawili tu. Nani kashika kinachokatwa? Nani kashika kinachokata? Ukijibu vibaya moja kati ya hayo, shafti inatoka na kilema. Ukiyajibu vibaya yote mawili, unapoteza kidole.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu ya mji wangu. Ukisoma historia ya Tanga utakutana na mkonge, reli, bandari, na majina ya Wajerumani na Waingereza waliotia saini hiki na kile. Sawa. Lakini shafti ya mtambo ilipovunjika usiku wa manane huko Ngomeni au Muheza, nani aliichonga nyingine? Na aliishika na nini? Hapo vitabu vinanyamaza.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya Mjerumani kutia mguu hapa, watu wa pande hizi walikuwa wanafua chuma. Wahunzi wa Upareni walisifika, hasa ukoo wa Washana kule Ugweno, na majembe na silaha zao zilivuka mpaka Uchagani. Zana zao za kushikia zilikuwa koleo na fuawe. Koleo linashika chuma cha moto, fuawe linakipokea, nyundo inafanya kazi yake. Mshikaji na mpigaji wanaweza kuwa watu wawili, na wasipoelewana kwa macho tu, kazi imeharibika.

Huku pwani tulikuwa na kerezo la mti. Neno lenyewe kukereza ni la zamani, na miguu ya vitanda vya kizamani ndiyo ushahidi wake. Kerezo la uta, kama lilivyotumika katika nchi za Kiarabu na India, linashangaza kwa urahisi wake: mti unabanwa katikati ya ncha mbili, mkono mmoja unavuta uta mbele na nyuma ili mti uzunguke, mkono wa pili umeshika patasi, na kidole gumba cha mguu kinasaidia kuiongoza. Kwa hiyo mwili mzima wa fundi ndio mashine. Kwa mti inawezekana. Kwa chuma, mkono wa binadamu hauwezi kushika kisu kwa utulivu huo kutwa nzima.

Huko Ulaya ukuta huohuo uliwasumbua. Karibu na mwaka 1800, London, fundi mmoja aliyeitwa Henry Maudslay alitengeneza mashine ya kerezo ambayo kisu chake hakishikwi na mkono. Kimefungwa kwenye kitoroli cha chuma kinachoteleza juu ya reli zake, na kinaendeshwa na parafujo. Linasikika kama jambo dogo. Lakini tangu hapo parafujo mbili zinaweza kufanana, na kipuri cha mashine hii kinaweza kuingia kwenye mashine ile. Wamarekani wakaongeza yao. Simon Fairman wa Connecticut alipata hataza mwaka 1840 kwa chaki ambayo taya zake zote husogea pamoja kwa kuzungusha sahani yenye mfereji wa konokono. Stephen Morse alipata hataza ya keekee yenye mifereji iliyosokotwa mwaka 1863, na jina lake likabaki pia kwenye ule mkia wa keekee uliochongoka kidogo kidogo. Huo mkia mimi naupenda kuliko vyote. Hauna hata parafujo moja! Unauchomeka kwa nguvu kwenye tundu lake, unajishika wenyewe kwa msuguano, na kuutoa lazima ugonge kabari. Mwaka 1902 Arthur Jacobs akapata hataza ya chaki ya keekee yenye ufunguo wa meno, ileile unayoiona leo kwenye drili ya fundi umeme anayekuja kutoboa ukuta wako.

Sasa turudi nyumbani. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Ulikuwa wa mwendo wa kobe, tuseme ukweli. Muheza ilifikiwa 1896, kampuni ikaishiwa pumzi, serikali ya kikoloni ikaichukua reli mwaka 1899, Korogwe ikafikiwa 1902, na Moshi mpaka 1911. Lakini reli haiji peke yake. Injini ya mvuke inakula beringi, magurudumu yanachakaa, na meli ya kuleta kipuri kutoka Hamburg inachukua wiki nyingi. Kwa hiyo kila reli lazima iwe na karakana yake, na karakana maana yake ni majiliwa kwenye meza na mashine za kerezo zenye chaki. Hivyo ndivyo taya za chuma zilivyoingia mjini kwetu.

Niwape na kipande kidogo cha kwetu waandishi. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa na Wajerumani miaka hiyohiyo ya 1890, ilikuwa na mafunzo ya ufundi na mtambo wa kuchapia. Humo ndimo lilimochapwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililoanza karibu na mwaka 1904 na kuendelea mpaka vita ilipolizima 1916. Kuchapa gazeti nako ni kazi ya kushika: herufi za risasi zinapangwa moja moja ndani ya fremu ya chuma, zinabanwa kwa kabari mpaka ukurasa mzima unanyanyuliwa kama tofali. Zikilegea, habari inamwagika sakafuni. Sisi wa leo tukipoteza habari tunalaumu kompyuta.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoonyesha karakana ni nini hasa. Waingereza walifunga bahari, na koloni likabaki na kile ilicho nacho. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha delta ya Rufiji mwaka 1914 ikiwa mbovu, sehemu za mitambo yake zilibebwa nchi kavu na mamia ya Waafrika mpaka karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa vilevile kwa mabega ya watu. Ilipozamishwa Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, na mafundi wa Dar wakaitengenezea magurudumu ya kutembelea nchi kavu.

Huku kwetu kaskazini, Aprili 1915, meli ya mizigo ya Kijerumani iliyojifanya ya Denmark iliingia ghuba ya Manza, juu kidogo ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Ilipigwa na kuzama kwenye maji mafupi, ikiwa na shehena ya risasi. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ikaushwe, na zifungwe upya. Hebu fikiria mikono iliyofanya kazi hiyo, risasi baada ya risasi, maelfu kwa maelfu. Katika vitabu vya vita utakuta jina la nahodha wa meli. Majina ya waliofungua risasi sijayaona popote.

Lakini hadithi yenyewe ya kushika, kwa Tanga, ni ya mkonge. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye utamu na uchungu.

Mnajua kwamba Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893 ilikuwa 62. Hiyo tumekaririshwa tangu shule ya msingi. Tusichokaririshwa ni kwamba kulima mkonge ndiyo kazi nyepesi. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu; zilizobaki ni maji na makapi. Kutoa hizo 4 ndiyo shughuli.

Mashine za mwanzo ziliitwa raspador, jina la Kihispania lililotoka Mexico. Ni gurudumu lenye visu butu linalozunguka kwa kasi ndani ya kasha. Mfanyakazi anashika jani kwa mkono, analisukuma nusu ndani, gurudumu linaponda na kukwangua nyama ya jani, anavuta. Kisha analigeuza, anashika upande ule wa nyuzi, anasukuma nusu iliyobaki. Jani baada ya jani, kutwa. Mnaona tatizo? Mkono wa mtu ndiyo jiliwa. Nyuzi zenyewe ni ngumu kuliko kamba, zikikusokota kidole haziachii, na gurudumu halina huruma wala breki ya haraka.

Ndipo ikaja mitambo mikubwa, maarufu zaidi ukiwa ule ulioitwa Corona, uliotengenezwa na kiwanda cha Krupp huko Magdeburg. Baadaye Waingereza nao walileta ya Robey kutoka Lincoln. Siri ya Corona siyo magurudumu yake, maana yale ni raspador mbili kubwa. Siri yake ni namna inavyoshika. Majani yanalazwa kwenye mkanda, kamba au minyororo inayabana na kuyapitisha mbele ya gurudumu la kwanza, nusu moja inakwanguliwa. Kisha, bila kusimama, jozi ya pili ya kamba inayapokea kwa kushika ile sehemu iliyokwisha safishwa, na nusu ya pili inapita gurudumu la pili. Ndicho kile alichokuwa anafanya mtu kwa mkono, kugeuza jani na kubadilisha mshiko, ila sasa kinafanywa na chuma kwa maelfu ya majani kila saa. Kwa maoni yangu mkonge wa Tanga usingekuwa biashara ya dunia bila huo mshiko wa pili.

Na mtambo huo nao unahitaji kushikwa. Utomvu wa mkonge una asidi, unakula chuma. Magurudumu ni mazito na yanakwenda kasi, kwa hiyo shafti isiponyooka mtambo mzima unatetemeka na nyuzi zinakatika. Nafasi kati ya kisu na kitako chake ni ndogo mno. Ikizidi makapi yanabaki, ikipungua nyuzi zinakwenda na maji. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na karakana yake. Kati ya 1939 na 1945 ilikuwa lazima zaidi, kwa sababu Krupp alikuwa upande wa adui na hakuna kipuri kilichotoka Magdeburg. Wakati huohuo, Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mkonge wetu ukawa kamba ya meli za nchi za Magharibi. Dunia inataka kamba, mtambo ni wa Mjerumani, na shafti iko kwenye chaki ya karakana ya shambani.

Nani alikuwa amesimama mbele ya chaki hiyo? Kwa miaka mingi kazi za juu za ufundi, reli na mashambani, zilikuwa za Wahindi, hasa Kalasinga, chini ya wakubwa wa Kizungu. Mwafrika alikuwa msaidizi: kubeba, kupaka mafuta, kushika taa, kufagia chembe za chuma. Spanaboi. Mishahara nayo ilipangwa kwa rangi. Lakini mtu akisimama pembeni ya mashine miaka 10 huwezi kumzuia asione.

Hilo nililisikia kwa mzee mmoja mstaafu wa reli pale Chumbageni, ambaye hakutaka jina lake litoke. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na baada ya kuridhika akanipeleka uani kwenye karakana yake ya mabati matatu. Ana mashine moja ya Kiingereza inayopima kwa inchi na chaki mbili. Chaki ya taya tatu, akaniambia, ni ya watu wenye haraka. Unazungusha ufunguo mmoja, taya zote zinafunga pamoja, chuma kinakaa katikati chenyewe. Ila ikizeeka, ule mfereji wa ndani unalika, na katikati inakuwa siyo katikati tena. Chuma kinayumba kiasi cha unywele. Dawa yake ni kukata kipande cha kopo la soda na kukiweka chini ya taya moja. Niliona kipande chenyewe, bado kina rangi nyekundu.

Chaki ya taya nne ndiyo ya fundi. Kila taya ina parafujo yake, inasogea peke yake, kwa hiyo inaweza kushika kitu chenye umbo lolote. Unaweka chuma, unazungusha taratibu kwa mkono ukiangalia geji, unalegeza hii, unakaza ile ya upande wa pili, unazungusha tena. Mzee alinionyesha. Mikono inatetemeka akishika kikombe, lakini akishika ufunguo wa chaki haitetemeki. Dakika nne, sindano ya geji ikatulia. Nilijaribu mimi, kama nusu saa, akacheka mpaka akakohoa.

Sheria yake ya kwanza kwa mwanafunzi haihusu vipimo. Ufunguo hauachwi kwenye chaki, hata kwa sekunde moja, hata kama umeitwa. Mashine ikiwashwa ufunguo unaruka kama risasi. Ya pili: shati la mikono mirefu halikaribii mashine. Aliyezitoa sheria hizo alinionyesha mkono wa kushoto, vidole vyote vitano vipo, na alijivunia hilo kuliko cheti chake.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kupitia Ruvu na Mnyusi. Mwaka 1964 mkonge ulifikia kilele, karibu tani 230,000. Azimio la Arusha la 1967 likaleta utaifishaji, Tanga ikapata kiwanda cha chuma, cha mbolea, cha saruji. Serikali ikaona mbali zaidi ya hapo: SIDO ikaanzishwa 1973, na miaka ya 1980 kikajengwa Machame, kwa msaada wa Bulgaria, kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, cha kutengeneza mashine zenyewe za karakana. Mimi wazo hilo nalipenda bado, watu wacheke wasicheke. Nchi inayoagiza kila jiliwa itaagiza kila kitu.

Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na shirika la reli likagawanywa, vita na Amin ikafuata, fedha za kigeni zikakauka. Kamba ya plastiki ilikwisha kuua bei ya mkonge. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa karibu tani 30,000. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwaka 1991. Halafu wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzee anasema vitu vya kwanza kutoweka kwenye karakana zilizofungwa vilikuwa chaki na majiliwa, kwa sababu ni vizito, vinalipwa vizuri kwa kilo, na vinabebeka na watu wawili usiku. Mashine inabaki imesimama, haina mkono. Ukiingia unadhani karakana ipo.

Treni za mizigo zilirudi kwenye reli ya kaskazini mwaka 2019, baada ya ukimya wa miaka. Na mwaka 2017 liliwekwa Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443. Kila anayenipigia simu kuhusu bomba hilo anauliza ajira ngapi. Ninachoulizia mimi ni kitu kidogo: kabla ya kuchomelea vipande viwili vya bomba, lazima vibanwe vikae sawa mdomo kwa mdomo, na kibano kinachofanya hivyo huingia ndani ya bomba na kujitanua kama chaki iliyogeuzwa nje. Nilimweleza mzee kwa mchoro kwenye daftari langu. Akauangalia muda mrefu, akauliza taya zake ni ngapi, na kama vijana wa Tanga wanaruhusiwa kuishika au wanashika taa tu.

Sikuwa na jibu la haraka, nimeanza kulitafuta kazini. Wakati huo, mdau yeyote mwenye picha ya karakana ya reli Tanga ya kabla ya 1977, au ya karakana ya shamba lolote la mkonge, na majina ya waliosimama ndani yake, aniandikie. Hata kama picha imeliwa na mende pembeni, naitaka.